Fyuzi ya pikipiki inakatika kila mara: tafuta sababu kabla hujatia kubwa zaidi

Juzi kaja kijana mmoja na pikipiki yake ya kubebea samaki, yeye kila alfajiri anapakia Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, anashusha soko la Darajani mjini, ananambia fundi sasa fyuzi haikatiki tena ila kiti kinanuka. Nikamuuliza haikatiki tena kivipi. Akanieleza kwamba alifunga spotilaiti mbili mbele, na honi zile za konokono mbili, na chaji ya simu, zote kwenye waya mmoja, ikawa fyuzi ya 10 inakatika kabla hajafika Mahonda, akatia 15 ikadumu siku mbili, halafu kuna mtu barabarani akamtilia ya kijani, ya 30, na tangu hapo safari moja kwa moja mpaka mjini. Nikafungua kiti. Waya mwekundu umeshakuwa mweusi, plastiki imelainika kama ubani uliotiwa motoni, imegandana na waya wa indiketa na waya wa breki urefu wa kiganja kizima, na pale weusi ulipoishia mpaka kwenye mpira wa petroli ni vidole vinne. Nilivipima. Kijana ana mke na watoto wawili na kila siku anakaa juu ya kitu kile kilomita zote zile.

Ndo maana nimekaa kuandika hii. Ntakwenda kwa dalili, maana mtu pikipiki ikimsumbua sababu haijui, anajua anachokiona na anachokinusa tu.

Kwanza hesabu, usiiruke

Fyuzi kazi yake kuulinda waya. Taa ikitaka kufa inakufa na fyuzi yako nzima, lakini waya ukipitishiwa umeme kuliko uwezo wake unapata moto urefu wake wote, kila ulipopita, chini ya tenki, chini ya kiti, ndani ya kichwa cha taa. Fyuzi inatakiwa ikatike kabla waya haujafika huko. Ukitia fyuzi kubwa kuliko waya, basi waya wenyewe ndo ushaufanya fyuzi, na huo ukikatika unakatika kwa moto.

Chukua wati za kifaa gawa kwa 12, yaani volti za betri, unapata ampea, kile kipimo cha umeme unaopita, na namba ya fyuzi ni ampea hizo hizo. Spotilaiti mbili za wati 20 ni wati 40, gawa kwa 12, ni ampea 3.3. Ongeza kama robo juu yake ili fyuzi isiwe inafanya kazi ukingoni siku nzima, unapata 4 na kidogo, basi fyuzi ya 5. Balbu ya zamani ya wati 55 peke yake ni ampea 4.6, hiyo inataka 7.5. Chaji ya simu ya kawaida, fyuzi ya 3 inatosha. Honi za konokono mbili pamoja zinaweza kuvuta ampea 8 mpaka 10, hizo zinataka waya wake wenyewe na fyuzi ya 15. Na namba za wati kwenye boksi za taa za LED mara nyingi zimetiwa chumvi sana, kama una mita ya kupimia umeme pima mwenyewe, taa imeandikwa wati 60 unaikuta inavuta ampea moja na nusu.

Halafu waya. Kwa pikipiki mie nafuata hivi na sijawahi kujuta: waya wa nusu milimita ya mraba fyuzi isizidi 5, wa 0.75 isizidi 7.5, wa 1 isizidi 10, wa 1.5 isizidi 15, wa 2.5 isizidi 20. Waya mzuri wa gari unaweza kubeba zaidi ya hapo, najua, lakini waya wa pikipiki umefungwa pamoja na wenzake na jua letu hili la mwezi wa pili unalijua, chini ya kiti cheusi mkono hauwekeki.

Zile fyuzi bapa za plastiki rangi ndo namba: zambarau 3, rangi ya mchanga 5, kahawia 7.5, nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, nyeupe 25, kijani 30. Ukiona kijani kwenye pikipiki ndogo ya 125 au 150 na waya ni mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, simamisha pikipiki.

Na usinambie betri ya pikipiki ndogo haina nguvu. Mwaka ule umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulikuwa tunachajia simu za mtaa kwenye betri ya vespa ya ami yangu, waya wa spika, fyuzi hamna. Usiku mmoja mtoto akakanyaga zile ncha mbili zikagusana. Waya ukawa mwekundu kama ncha ya sigara urefu wa mita nzima, muda wa kusema bismillahi tu, na mkeka ukashika moto. Ndo betri ya vespa hiyo.

Inakatika pale pale ukiitia

Hiyo ni shoti ya moja kwa moja, waya wa moto umegusa fremu. Kama fyuzi yako ni ya kioo itazame vizuri, kioo kikiwa kimeingia weusi au kimepakaa kama kioo cha kujitazamia ndani, ni shoti kali. Kikiwa safi na uzi umekatika katikati tu, huo ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, au fyuzi imechoka kwa mtikisiko. Hichi kitu kidogo kinakuokolea nusu siku ya kutafuta.

Sasa usikae kuchoma fyuzi kumi kutafuta shoti. Chukua balbu ya breki ya wati 21, ilehemu nyaya mbili, uzitie ncha zake mahala pa fyuzi. Kama shoti ipo balbu itawaka kwa nguvu zake zote, na umeme unaopita hauzidi ampea 2, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Hapo chomoa kifaa kimoja kimoja na tikisa nyaya kidogo kidogo kuanzia mbele kwenda nyuma. Balbu ikizimika au ikififia ghafla, pale pale uliposhika ndo penyewe. Mie balbu yangu naitembeza mfukoni mwaka wa nane huu, imefungwa kitambaa.

Inakatika ukikata kona, au kwenye mashimo, au ukishika breki

Hii inawatesa watu kwa sababu ukiisimamisha kwa fundi haifanyi chochote. Uliza inakatika wakati gani khasa, jibu liko hapo hapo. Ukikata usukani kushoto ndo inakatika, tazama shingo ya usukani, waya wa taa ulizofunga umebanwa pale au umevutwa ukachunika. Kwenye mashimo, inua tenki, waya umekaa baina ya tenki na fremu na tenki linaukandamiza kila likiruka. Ukishika breki tu, fuata waya wa taa ya nyuma kwenye madigadi, tairi limeula au bolti la keria limeutoboa. Mvua ikinyesha tu, kuna kiungo kilichofungwa tepu na maji yanaingia.

Dawa yake: pitisha waya pale ambapo nyaya za kiwandani zimepita, uvalishe mpira, uache ulegevu kidogo shingoni, kata usukani mwisho huku na mwisho huku uone haukazi. Tepu peke yake si kinga. Kwa joto letu gundi inayeyuka, tepu inateleza, waya unabaki uchi.

Inakatika baada ya dakika kadhaa

Mzigo umezidi fyuzi. Fyuzi ya 10 haikatiki ikifika ampea 10 na nusu, inavumilia muda mrefu tu, ndo maana kijana wangu alikuwa anatoka Mkokotoni vizuri na kukatikiwa njiani, kila akipiga honi wakati taa zimewaka. Hapo gawa mzigo, taa na fyuzi yake, honi na fyuzi yake, chaji na yake. Usigawe kwa kutoboa toboa waya wa fyuzi kubwa ya pikipiki, maana ile ikikatika inazima kila kitu, na kama ni usiku njia ya Jozani mule msituni utajikuta huna taa na spidi unayo.

Fyuzi nzima lakini kishikio kimeyeyuka

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu sisi watu wa visiwani hii ndo inatumaliza na wengi hawaielewi.

Unafungua unakuta fyuzi haijakatika, ukiipima ni nzima, lakini kile kishikio cha plastiki kimeyeyuka upande mmoja na kichuma kimeingia buluu. Mtu anasema fyuzi mbovu, haikukatika. Fyuzi haina kosa. Umeme uliopita ulikuwa ule ule wa siku zote, haukuzidi, ila pale kichuma kinapogusana na kichuma pana kutu na chumvi, umeme unapita kwa shida, na panapopita umeme kwa shida panazaliwa joto. Fyuzi inahesabu ampea, haijui kama jirani yake anaungua. Kwa hiyo kiungo kibovu kinaweza kuwasha moto mbele ya fyuzi sahihi kabisa ya namba sahihi kabisa, na hili nataka ulishike zaidi ya yote niliyoandika humu.

Chumvi yetu inatoka pande tatu. Upepo wa bahari, huo huwezi kuukimbia, awe mtu wa Nungwi au wa Makunduchi au Wete. Ya pili, maji ya samaki. Barafu inayeyuka ndani ya tenga, yanachuruzika yamechanganyika na maji chumvi, yanapita kwenye keria, yanaingia chini ya kiti, yanatua juu ya betri na fyuzi, kila siku ya Mungu. Ya tatu, watu wanaokwenda kuosha pikipiki pwani kwa sababu maji ni ya bure.

Chuna waya wako sentimita mbili uutazame. Kopa nzima, ile shaba ya ndani, inang'ara rangi ya senti mpya. Ikiwa nyeusi au ina unga wa kijani, chumvi imeshaingia na inatembea kwa ndani chini ya plastiki, unakata sentimita tano bado nyeusi, unakata kumi bado. Waya kama huo usiulehemu, risasi haishiki, utautupa tu. Kishikio vile vile, ukikikuta na kijani usikisugue kwa msasa ukakirejesha, nunua kipya chenye kifuniko cha mpira, na kabla ya kukifunga pakaza grisi kidogo kwenye vichuma. Kila kiungo kibane kwa kichwa cha waya kwa plaisi, uvute kwa nguvu uone hakitoki, halafu uvalishe ule mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Wale wabeba samaki wafunge trei au karai chini ya tenga maji yatokee pembeni, na jioni wamwagie maji ya bomba, taratibu, si ya presha.

Taa zinawaka hafifu, honi inalia kama ina mafua

Fyuzi iko sawa, betri iko sawa, lakini taa mpya zimefifia. Washa taa, weka mita upande wa volti, ncha moja kwenye nguzo ya moto ya betri na nyingine pale waya wa moto unapoingia kwenye taa. Ukipata zaidi ya nusu volti, inapotelea njiani. Halafu fanya hivyo hivyo upande wa athi, yaani waya unaorudi kwenye nguzo hasi ya betri, na mara nyingi utaikuta huko, kwa sababu watu wanafunga athi kwenye bolti lililopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Mie kila kifaa nakipa waya wake wa athi mpaka kwenye betri, fremu siitegemei.

Urefu nao una hesabu. Kutoka betri mpaka mbele na kurudi chukulia mita 4. Kwa waya wa nusu milimita na mzigo wa ampea 5 unapoteza volti 0.7 njiani, kwa waya wa 1.5 unapoteza kama 0.23. Taa ile ile betri ile ile.

Na kuna waya wa bei rahisi unauzwa, nje una rangi ya kopa lakini ndani ni aluminiamu. Chukua unyuzi mmoja ukwangue kwa kisu, ukiona mweupe ndani usiununue. Unapitisha umeme kwa shida kuliko kopa, kwa hiyo zile namba zangu za juu hazikuhusu, na kwa chumvi yetu unageuka unga. Waya mgumu wa nyumbani wa unyuzi mmoja nao usiutie kwenye pikipiki, ni mzuri ukutani, kwenye mtikisiko unakatikia ndani na nje unauona mzima.

Asubuhi betri imekufa

Tazama vitu viwili. Kwanza kuna kinachokula usiku. Alamu na kile kifaa cha kufuatilia pikipiki vikila umeme kidogo tu, tuseme ampea 0.05, kwa siku moja ya saa 24 ni ampea-saa 1.2, na betri yako ya ampea-saa 5 inamalizika siku ya nne bila kuendeshwa. Zima ufunguo, fungua waya wa athi wa betri, iweke mita baina yake upande wa ampea, anza na ile ya 10, na usiwashe stata wala honi mita ikiwa pale, utaiunguza. Chaji ya simu iliyofungwa moja kwa moja betrini ni mwizi wa kawaida, ifunge ipite kwenye ufunguo au kwenye relei, ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo ikapitisha umeme mkubwa.

Cha pili, umeongeza mzigo kuliko pikipiki inavyozalisha. Pikipiki ndogo nyingi hazifiki wati 200 zote kwa jumla, na ukienda polepole mjini Michenzani kwenye foleni zinazalisha chini zaidi ya hapo. Washa vifaa vyote, vuta resi ya safari, pima betri. Ikiwa volti 13.5 mpaka 14.5 mzigo unachukulika. Ikiwa chini ya 13 unakula akiba, punguza taa. Ikipita 15 regyuleta, kile kifaa kinachozuia chaji isizidi, imekufa na itaua betri na kila ulichofunga, usiendelee kutafuta kwingine.

Taa ya LED inapepesa au inaungua kila wiki

Vuta resi utazame taa kubwa ya mbele. Ikiongezeka mwanga na resi na kufifia ukiachia, ujue kwenye pikipiki yako taa ile hailishwi na betri, inalishwa moja kwa moja na koili ya injini inayozalisha umeme, na umeme wake unageuka geuka. Usichukue moto wa spotilaiti wala chaji pale, chukua betrini.

Nilivyomfunga yule kijana

Nyaya zote za kuongeza nimezitoa nikazitupa, pamoja na za indiketa na breki zilizoungua. Kutoka nguzo ya moto ya betri nimetoa nyaya tatu, na fyuzi ya kila moja iko ndani ya sentimita 15 kutoka betri, kwa sababu kile kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga yoyote na unakitaka kiwe kifupi unavyoweza. Taa waya wa 1 na fyuzi ya 5, kupitia relei. Honi waya wa 1.5 na fyuzi ya 15, relei yake. Chaji waya wa nusu na fyuzi ya 3, ikipita kwenye ufunguo. Kwenye relei, namba 30 inapokea moto kutoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 athi na 86 waya wa swichi. Ukikuta relei ya miguu mitano ule wa katikati 87a usiuguse, ule una moto wakati relei imezimwa, wengi wanafunga hapo halafu wanashangaa taa zinawaka zenyewe usiku kucha. Swichi ya usukani sasa inabeba umeme wa kuiamsha relei tu, haipati joto tena.

Tukawasha kila kitu robo saa, resi ya kawaida, nikampa mkono wake mwenyewe akapapasa waya wote kutoka betri mpaka mbele. Baridi. Ile fyuzi ya kijani ameiomba, nimemkatalia, ipo kwenye kopo langu la vyuma. Nimempa za 3, 5 na 15, mbili mbili, ziko kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, na nimemwambia ya kwanza ikikatika aje na pikipiki, asitie ya pili mpaka tujue imekatwa na nini.